Kapeti la Bafuni na Pua ya Baba

Sijui ni mtu wa aina gani anayeamka asubuhi, akaenda sokoni, akanunua kapeti jekundu lenye manyoya, kisha akarudi nyumbani kulibandika kwa gundi kwenye sakafu ya bafu. Bafu, jamani! Mahali ambapo maji yanamwagika kuanzia alfajiri, na choo chenyewe kimo humo humo pembeni. Lakini mtu huyo yupo, maana ndiye aliyekaa kabla yangu katika nyumba niliyopanga hapa Garissa. Nilisikia alikuwa na kazi ya shirika kule Dadaab na alikuja mjini wikendi tu, kwa hiyo nadhani hakuwahi kukaa na lile kapeti wakajuana tabia.

Mimi nalo tulijuana. Siku ya kwanza nilidhani kuna panya amekufa. Nikatafuta panya kila kona, nikasogeza ndoo, nikachungulia nyuma ya choo, hakuna panya. Ndipo nikainama nikalinusa kapeti lenyewe. Loo! Lilinuka beberu aliyenyeshewa.

Nikaenda kwa mwenye nyumba na maneno yangu tayari mdomoni. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, Msomali wa hapa hapa, anakaa nyumba ya mbele kwenye ploti hiyo hiyo. Ploti nzima tunamwita Ayeeyo, yaani nyanya, hata sisi walimu tuliotoka "Kenya", kama wenyeji wanavyopaita kokote ng'ambo ya daraja la Tana.

"Ayeeyo, naomba nilitoe lile kapeti la bafuni."

Akaniangalia kana kwamba nimeomba kung'oa paa. "Mualimu! Kabeti hii ni ya Dubai. Nyumba ingine yote choo yake iko na simiti. Yako iko na kabeti. Wewe shukuru Mungu."

"Linanuka, Ayeeyo."

"Hiyo nuka ni kidogo. Osha bole bole."

Baadaye nilikuja kugundua kwamba alikuwa akileta wageni wake kulichungulia dirishani nikiwa shuleni. Mpangaji hana sauti. Nikawa nikienda kuoga nabana pua kwa vidole viwili na kujimwagia maji kwa mkono uliobaki. Ningeweza kuishi hivyo miaka. Tatizo ni kwamba baba alikuwa anakuja.

Baba yangu haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru polepole, jicho moja kwanza, halafu la pili, na mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Alibaki peke yake kwenye nyumba yake kule Bungoma, karibu na kaka yangu, na alikataa katakata kuhurumiwa. Choo chake kiko nyuma ya migomba. Alijifungia kamba ya mkonge kutoka mlangoni hadi chooni, akawa anaifuata kwa mkono, anakwenda na kurudi mwenyewe akipiga mluzi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mbuzi wa kaka yangu alipoitafuna ile kamba. Baba akaishia katikati ya nyasi za ng'ombe, akizunguka, na aliyemkuta ni mke wa kaka yangu. Akamshika mkono, akampeleka chooni, akamsubiri nje.

Kwetu mkwe na mkamwana hawashikani hata mkono wa salamu. Baba alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nimeshikwa mkono na mke wa kaka yako nikapelekwa chooni. Sasa nimebaki na nini?"

Nilikuwa ndani ya chumba cha walimu, nikageukia ukuta ili wenzangu wasinione machozi. Nikamwambia aje akae na mimi, choo kiko ndani, hakuna migomba wala mbuzi. Halafu akatoa sharti lake, na ninaposema sharti namaanisha sharti, maana yule mzee akisema neno huliwekea msumari.

"Nitakuja kuonja. Lakini siku nitakayoshikwa mkono kupelekwa bafuni, na binti yangu niliyemzaa, siku hiyo unirudishe nyumbani. Nitajifungia chumbani na debe langu, basi."

Alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kweli. Nilimwona kabisa kichwani, amekaa gizani na debe, amekataa chakula kwa sababu chakula ndicho kinachomtuma mtu chooni. Kwa hiyo nikajifunga leso kiunoni, nikaamua kwamba baba yangu hataingia katika bafu linalonuka beberu. Nilitaka aipende nyumba ile, akae.

Nilianza na sabuni ya unga na brashi. Kapeti likatoa povu la kijivu, likakauka, likanuka beberu aliyeoga. Mwenzangu mmoja shuleni akasema siki ndiyo dawa. Mwingine akasema achana na siki, chukua magadi. Mimi kwa haraka zangu nikaona nitumie yote mawili kwa pamoja. Nikamwaga magadi, nikamwaga siki juu yake, yakachemka mpaka povu likafika mlangoni, nikapiga makofi. Kumbe yalikuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe huku kapeti likitazama. Kesho yake nyumba ilinuka achari ya beberu. Nikaweka beseni la makaa yavute harufu. Nikasugua ndimu. Nikaacha dirisha wazi mchana kutwa, vumbi la Garissa likaingia lote, na harufu haikutoka hata kidogo. Kila nikimwaga kitu kipya, maji yalizama chini kwenye gundi na sponji, yakakaa humo yakichacha. Nilikuwa nalilisha lile dubwana bila kujua.

Baba akafika nikiwa nimeshindwa. Akashuka kwenye basi na koti lake zito la safari, katika joto lile, akikataa kulivua. Tulipoingia nyumbani akasimama mlangoni, akainua pua kidogo.

"Nyumba nzuri, Mama," akasema.

Nikamwelekeza kwa mdomo tu, naye akipapasa kila kitu kwa mkono wake mwenyewe: kitanda hiki hapa, mlango huu, ukumbi mwembamba, jikoni, bafu, mlango wa kutokea nje. Nilikuwa nimeondoa viti na meza ndogo asijikwae. Asubuhi yake nilijilaza kimya nikitega sikio. Nikasikia kandambili zake, pa, pa, pa, bila kusita, mlango wa bafu ukafunguka, ukafungwa, komeo likaingia. Nilijifunika leso mdomoni nisicheke kwa sauti. Ameweza! Siku iliyofuata akaweza tena, na iliyofuata. Nikajisifu kwa mpango wangu wa viti.

Kitu kimoja tu kilinikera. Alikuwa mpole mno. Baba yangu ninayemjua mimi angeweza kusimamisha matanga akigomba kwamba chai haina sukari. Huyu wa Garissa, ukimuuliza joto likoje, "si baya." Ugali niliutoa mbichi siku moja kwa sababu ya kukimbilia shule, akaula wote, akasema, "Umeiva vizuri." Nikamtania, "Baba, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akacheka kwa adabu, akashukuru kwa chakula.

Aliyefanikiwa kumchangamsha ni Ayeeyo. Alikuja kumsalimu na chupa ya maziwa ya ngamia, yale yenye ladha ya moshi, maana vyombo vyao huvifukiza kwa vijinga vya moto kabla ya kukamulia. Baba akanywa, akauliza kama kipofu anaweza kukamua ngamia. Ayeeyo akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mzee, wewe kamua. Lakini yeye akipiga teke, wewe kwenda Wajir bila basi!" Tangu hapo wakawa wanakaa barazani jioni, yeye na hadithi za ngamia wake, baba na hadithi za ng'ombe wake mmoja, akimfanya aonekane kundi zima.

Jumapili moja baba alikwenda kanisani na jirani yetu, mwalimu mwenzangu. Ayeeyo akapita kuchukua chupa yake, na kwa kuwa maji yalikuwa yamemkatikia kwake, akaomba atawadhe kwangu. Akaingia bafuni. Akatoka mbio, shungi limebanwa puani.

"Subhanallah! Mzee anakaa na hii?"

"Nilikuambia, Ayeeyo."

"Wewe uliambia mimi nuka ni yako! Hukusema mzee atanusa! Mgeni wangu, mtu mzima, nyumba yangu! Aibu gani hii!"

Akakunja mikono ya dera lake pale pale. Tulilikamata kapeti pembe mbili, tukalivuta, gundi ikalia kama kitambaa kinachochanika. Chini yake, we acha tu. Maji meusi, sponji iliyooza, na siki yangu yote ya mwezi mzima. Tuliisugua sakafu na klorini mpaka simiti ikaonekana rangi yake. Kapeti tukalifua uani kwa sabuni, tukalianika juu ya kamba mbele ya baraza la Ayeeyo, likachuruzika maji ya rangi ya chai. Halafu Ayeeyo akasema nyumba yenyewe imeshanywa harufu, lazima ifukizwe. Akaleta dabqaad, chetezo chake cha udongo, akaweka makaa, akamwagia uunsi, ubani wao ule mtamu wa sukari na marashi. Akapita nao chumba hadi chumba, jikoni, ukumbini, bafuni, mpaka chini ya kitanda cha baba. Nyumba nzima ilinukia bibi arusi. Nilitaka kulia kwa furaha.

Baba aliporudi alisimama ukumbini. "Kuna harusi?"

"Usafi tu, baba," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumtajia ile harufu kwa sababu ya aibu, na sikuona haja ya kuitaja wakati imeshakwenda zake.

Akala, akalala kidogo. Alasiri mimi nilikuwa nimekaa barazani kwa Ayeeyo pamoja na wanawake wengine wa ploti, tunakunywa chai ya maziwa yenye iliki, wananipongeza kwa kuoga bila kubana pua. Jua lilikuwa linalichoma lile kapeti pale kwenye kamba, na kwa kuwa halijakauka, lilikuwa linatoa uvundo wake wa mwisho, mkali kuliko siku zote.

Ndipo mlango wangu ukafunguka. Baba akatoka, taulo kiunoni, sabuni mkononi. Hakupapasa. Alikuja moja kwa moja katikati ya uwanja kama mtu anayekwenda kazini, akalifikia kapeti, akasimama, akanusa, akaridhika. Akainama akaweka sabuni chini. Akashika pindo la taulo.

"BABA!"

Wanawake wote waligeuka upande wa pili kwa pamoja, shungi usoni. Kikombe cha mtu kikaanguka.

Baba akatulia, mkono bado kwenye taulo. "Kwani bafu lina mtu?" akauliza.

Nikakimbia, nikamkamata mkono, nikamvuta mbio mbio mpaka ndani, ukumbini, hadi mlango wa bafu. "Ni hapa, baba. Hapa." Ni pale nilipomwachilia ndipo nilipotazama mkono wangu na kuelewa ulichofanya. Yeye alikuwa ameshaelewa. Alipapasa fremu ya mlango, akaingia, na siku hiyo hakupiga mluzi.

Alipomaliza alivaa koti lake la safari. Nikamkuta amekaa kitandani, mkoba magotini.

"Mama, basi la kesho linaondoka saa ngapi?"

"Baba, jamani, ile ilikuwa ajali tu."

"Tulikubaliana."

"Umekwenda bafuni mwenyewe siku zote hizi! Leo kumetokea nini?"

"Leo bafu limehama. Kila siku nilikuwa nafuata ile harufu. Nikiamka nainusa, najua njia ni ile. Leo nimeamka kila mahali kunanukia vilevile, nikasikia ile yangu iko mbali kidogo. Nikasema haya, labda nimekosea hesabu ya milango."

Mimi nina hasira za karibu, na zilinipanda. Nilimtukana mtu wa Dadaab, nikaitukana Dubai, nikayatukana magadi. "Kwa nini hukuniambia kwamba unafuata harufu? Wiki zote hizi najificha kwa aibu!"

"Nikuambie nyumba yako inanuka? Mgeni anakula anachopewa na kunusa anachokikuta."

"Wewe si mgeni!"

"Basi hapa mimi ni nani?" akauliza, taratibu kabisa, bila ubaya wowote.

Aliongeza kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na kwamba nisilie, kwa sababu alikuwa anasikia ninavyolia ingawa nilidhani nalia kimya. Nikamwambia kesho hakuna basi, Mungu anisamehe, nikatoka nje.

Ayeeyo alikuwa bado barazani, peke yake, ameinamisha kichwa. Nikamrukia. "Rudisha kapeti lako! Libandike pale pale, linuke!"

"Mualimu, akili yako iko sawa?"

Nikamweleza yote: kamba iliyoliwa na mbuzi, mkono wa mkamwana, sharti, debe. Nilimweleza kwamba mzee anaondoka kwa sababu mimi na yeye tumemfutia njia yake kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa nia njema. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda akalishika lile kapeti kwenye kamba, akalipapasa manyoya yake huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Ayeeyo, hilo ni la Dubai!" Ni mimi niliyesema hivyo.

"Nyamaza. Shika hapa."

Alilikata vipande virefu, upana wa hatua ya mtu, akiguna kila mkasi ulipokwama. Sponji ile iliyooza tukaibandua yote. Tukalifua upya, maji yakatoka meupe, na jua la kesho yake likalikausha pande zote mbili mpaka likawa gumu kama ngozi ya mbuzi. Nililiwekea pua nikavuta pumzi. Lilinuka jua, basi. Tatizo lake siku zote lilikuwa lile la kulazwa majini na kufungiwa. Nje lilikuwa kapeti kama makapeti mengine.

Baba alishinda siku hiyo kitandani na koti lake. Alikuwa mpole kuliko kawaida, ameshukuru kwa chai mara mbili. Jioni akatusikia tukisugua na kupigapiga chini.

"Mnachinja?"

"Mzee, toa viatu," Ayeeyo akamwambia kutoka mlangoni. "Weka miguu chini."

Akavua viatu. Akashusha nyayo. Kipande cha kwanza kilianzia pale pale miguuni pake, kikatoka mlangoni, kikaungana na kingine ukumbini, kikapita jikoni bila kuingia, kikakomea kwenye kizingiti cha bafu. Bafuni kwenyewe tuliacha simiti tupu na kandambili zake za mpira zikimsubiri mlangoni asiteleze.

Baba akakunja vidole vya miguu kwenye manyoya, akavikunjua. "Hii ni nini?"

"Barabara," Ayeeyo akasema. "Hakuna mbuzi atakula."

Baba alibaki amekaa, miguu tu inacheza pale chini. Ayeeyo aliaga, akaondoka na mabaki ya kapeti kwapani, kipande kisichotosha hata kuweka chini ya birika. Baba hakusema anakaa wala anaondoka. Lakini alipolala koti lilikuwa limetundikwa msumarini.

Asubuhi niliamka mapema, nikatega sikio kama siku ya kwanza. Sikusikia kitu. Nikasahau kwamba mguu mtupu juu ya kapeti hauna sauti. Nikangoja, nikaanza kuogopa, nikamwona tena kichwani yuko uani na taulo lake. Nilikuwa nimeshashusha mguu mmoja kitandani niende kumtafuta, nikajizuia, nikaushika mguu wenyewe kwa mikono miwili usiniponyoke.

Komeo la bafu likaingia.

Halafu mlio wa kata ikigonga ndoo tupu.

"Mama!" Sauti ile niliijua. Ni ile ya matanga yasiyo na sukari. "Hii ndoo haina maji! Watu wanaishije namna hii? Na ugali wa ile siku ulikuwa mbichi, usidhani sikujua!"

"Naleta, baba!" nikajibu. Lakini sikuinuka mara moja. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda, nikimsikiliza akigomba.